Karafuu za Zama za Firauni

Ndugu msomaji, jioni moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani kwetu Mkunazini, mjukuu wangu wa miaka kumi na moja akanijia mbio. "Babu, nimeipata Zanzibar!" Nikamuuliza ameipata wapi na hali yeye kazaliwa humu humu. Akanivuta mkono mpaka ndani, kwenye kompyuta ya baba yake.

Mchezo aliokuwa akiucheza unaitwa Civilization VI, uliotolewa mwaka 2016. Ni mmoja katika ukoo mrefu wa michezo ulioanzishwa mwaka 1991 na Sid Meier wa Marekani. Mchezaji hupewa kaumu yake, akaanza nayo mwaka 4000 kabla ya Nabii Isa, akaijengea miji, mashamba, bandari na maktaba, zama baada ya zama, mpaka zifike hizi zetu. Pembezoni mwa ramani ipo miji midogo inayojitawala, na mmoja katika hiyo ni Zanzibar. Mwenye kupeleka wajumbe wengi kuliko wenziwe huwa ndiye mlezi wa mji huo, na zawadi yake ni vitu viwili: mdalasini na karafuu.

Mjukuu wangu alikuwa mfalme wa Misri. Mapiramidi yanajengwa, na karafuu zinammiminikia. Akanigeukia, uso umemng'ara: "Kumbe sisi tulikuwa tukimuuzia Firauni karafuu!"

Nikanyamaza kidogo. Furaha ya mtoto aliyeliona jina la kwao ndani ya kitu kilichotengenezwa ng'ambo si jambo la kulivunja kwa neno moja. Mimi nilipokuwa na umri wake, nani aliyenionesha jina la Unguja katika kitabu cha mambo ya kale? Lakini alilolisema si kweli, na mtu akinyamazia lisilo kweli mbele ya mtoto, basi ndiye aliyemfundisha.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Kwa karne nyingi haukupandwa pahala pengine. Mnamo karne ya 18 Wafaransa wakatorosha miche, wakaipanda katika kisiwa cha Mauritius, na kutoka visiwa hivyo ndipo mti huu ulipofika kwetu, mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja, ndiye aliyehimiza ulimwe kwa wingi. Mwaka 1872 ikaja tufani iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupigwa vile, ikashika usukani wa zao hilo hata leo. Kwa hivyo mkarafuu ni mgeni wetu wa karne mbili tu. Piramidi kubwa la Giza lina miaka kama 4,500. Na mdalasini nao asili yake ni Sri Lanka.

Kuna la zaidi ambalo mchezo haulisemi kabisa. Karafuu katika kioo cha kompyuta hutokea tu, kama mvua. Kwetu hazikutokea tu. Mashamba yale ya karne ya 19 yalilimwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara, na soko walimouzwa lilikuwa hapa hapa Mkunazini, hatua chache kutoka baraza niliyokuwa nimekaa. Lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria hapa visiwani mpaka mwaka 1897. Hayo nilimweleza mtoto pole pole, nikamchukua tukatembea mpaka pale. Aliniuliza: "Mbona kwenye gemu wafanyakazi hawana majina?" Sikuwa na jibu la haraka.

Ndugu msomaji, najua wengi wetu tukisikia habari ya magemu tunatia mikono masikioni. Na sababu zipo. Yapo ya kuuana tu, yapo ya kamari iliyovishwa nguo ya kitoto, na yapo yanayomkesha kijana mpaka alfajiri ikampita. Siyatetei hayo. Lakini jioni ile niligundua kwamba mtoto huyu anasoma historia ya ulimwengu kila siku, nami sikuwa na habari. Anajua majina ya wafalme wa Sumeria. Anajua kuwa Warumi waliyavusha maji juu ya matao ya mawe. Hakuna aliyemlazimisha. Na swali lake la karafuu lilikuwa swali la mwanahistoria hasa: nani alimuuzia nani, kitu gani, na lini. Alikosea jibu tu, na jibu hakulitunga yeye.

Hapo ndipo nikafikiri: ikiwa mtoto hujifunza hivi kwa kujenga Misri na Rumi, nini kinamzuia kuijenga Unguja?

Kujenga kwa mchezo si jambo geni kwetu. Watoto wa pwani siku zote wamejenga nyumba za mchanga maji yakitoka, wakatia milango kwa vijiti na paa kwa kuti bovu, na maji yakijaa yakachukua yote. Wamechonga vijingalawa, wakavitia tanga la kitambaa, wakavishindanisha. Aliyechonga kijingalawa alijua tangu udogo kwa nini ngalawa ina matengo mawili, kwani alipolitoa moja kilipinduka. Hakuna somo la darasani lingemkaa vile.

Mchezo wa kompyuta ulio karibu zaidi na nyumba ya mchanga ni ule uitwao Minecraft, uliotoka Sweden na kukamilika mwaka 2011. Ndani yake kila kitu ni matofali ya mche mraba, kila moja mita moja kwa mita moja, na mtoto hupewa ardhi tupu. Anachimba, anakata, anapanga. Walimu waliuona mapema, na mwaka 2016 ukatolewa wa kusomeshea. Wala si watoto peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la makaazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, tangu mwaka 2012 limekuwa likiutumia kuwakalisha pamoja vijana na wakaazi wa mitaa, wao wenyewe wapange viwanja na mabustani yao, na moja ya sehemu za mwanzo ilikuwa Kibera. Mama asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuonesha kwa matofali yale wapi anataka taa na wapi anataka njia. Kwa asiyetaka kununua, upo mwingine wa namna hiyo hiyo, wa bure, uliokuwa ukiitwa Minetest na tangu 2024 unaitwa Luanti, nao hufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu na bila ya intaneti.

Basi nikamwambia mjukuu wangu: iache Misri kwa wiki chache, nijengee Unguja Ukuu.

Akauliza: "Ikoje?"

Na hapo, msomaji, ndipo penye faida yote. Mtu anayesoma kitabu anaweza kupita juu ya neno "mji wa kale" asiulize kitu. Anayejenga hawezi. Tofali la kwanza tu linamdai jibu. Ukuta ni wa nini? Mlango unaelekea wapi? Maji yanatoka wapi? Samaki wanaanikwa wapi? Mtoto aliniuliza katika saa moja maswali ambayo mimi, mkaazi wa kisiwa hiki umri wangu wote, sikuwahi kujiuliza.

Unguja Ukuu iko kusini, upande wa bahari ya Menai. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima, na mtu akipita kwa gari haoni jengo la kumsimamisha. Lakini chini ya mchanga wa Kaepwani umelala mji ulioanza kiasi cha karne ya 6 au ya 7 na kudumu mpaka karne ya 11. Ulikuwepo basi kabla ya Mji Mkongwe huu tunaojivunia, kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1860 ilifukuliwa hazina ya dinari za dhahabu huko, na moja iliyosomwa ilikuwa ya mwaka 182 wa Hijra, yaani 798 au 799, yenye jina la Jaafar, waziri wa Khalifa Harun al-Rashid. Ndiye yule yule Jaafar anayetembea usiku na Khalifa wake katika hadithi za Alfu Lela. Miaka minne tu au mitano baada ya dinari ile, Khalifa alimuua. Sarafu yake ikawa imelala katika udongo wa Unguja.

Mjukuu wangu alipolisikia hilo hakulala. Kwani alishajua kuwa upo mchezo mwingine, Assassin's Creed Mirage wa mwaka 2023, ambamo Baghdad ya karne ya 9 imejengwa mtaa kwa mtaa. "Babu, ina maana watu wa hapa walikuwa wakijuana na watu wa kule?" Walikuwa wakijuana. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne hiyo hiyo ya 9, anakitaja kisiwa cha Lanjuya katika nchi ya Zanji, na wataalamu wengi wanasema ndiyo Unguja. (Mchezo wenyewe wa Mirage sikumruhusu, kwa kuwa kazi yake ni kuvizia watu na kuwachoma visu. Lakini waliotengeneza mchezo wa Misri katika ukoo huo huo walitoa mwaka 2018 sehemu ya kutembea tu na kusikiliza maelezo, bila ya vita. Hiyo tuliitazama pamoja, na kwa kweli nilifaidika mimi kuliko yeye.)

Archiolojia ya Unguja Ukuu imefanywa na wengi. Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, kisha mwenzetu Abdurahman Juma, ambaye tasnifu yake juu ya mji huo ilitoka Uppsala, Sweden, mwaka 2004, na baadaye wengine wakaja na darubini za kutazama mbegu na mifupa. Walichokikuta kinamfaa sana mtoto mwenye matofali mkononi. Walikuta vigae vya vyombo vya Kichina vya enzi ya Tang, mitungi yenye rangi ya feruzi kutoka nchi za Ghuba, vipande vya bilauri, na shanga za kioo zilizovuka bahari kutoka upande wa India.

Lakini sikiliza hili, kwa sababu ndilo mtoto alilokuwa karibu kulikosa. Baada ya kusikia Uchina na Baghdad, alijenga mji wa marumaru wenye makuba ya dhahabu! Nikamwambia abomoe. Sehemu kubwa kabisa ya vigae vilivyofukuliwa Unguja Ukuu ni vya vyungu vyetu wenyewe, vilivyofinyangwa hapa na kuchanjwa mistari ya pembetatu shingoni. Na vyungu vya aina hiyo hiyo vimepatikana pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Msumbiji, na bara pia. Nyumba za mwanzo zilikuwa za miti na udongo, kama ambazo bado ziko mashamba. Nafaka zao kubwa zilikuwa za Afrika, mtama na mawele. Wali tunaoujua leo haukuwa ndio chakula chao cha kila siku. Samaki waliwavua miambani kama tunavyowavua sisi.

Nasema hili kwa mkazo, kwani zamani vitabu vingi vilitueleza kwamba miji ya pwani hii ililetwa imekamilika na wageni, kama mzigo unaoteremshwa bandarini. Udongo hausemi hivyo. Unasema kuwa walikuwepo watu hapa, wafinyanzi, wavuvi, wafua chuma na wakulima, nao wakawafungulia mlango wafanya biashara wa bahari, wakasilimu, wakaoa na kuolewa, na mji ukakua mkononi mwao. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Horton alifukua chini ya msikiti wa Ijumaa, akakuta msikiti chini ya msikiti, mpaka akafika kwenye kijumba cha ibada cha miti cha karne ya 8. Hakuna aliyekileta kile kwa meli. Kilikua pale pale, kutoka miti mpaka jiwe, kizazi kwa kizazi. Mjukuu wangu aliuelewa mpango huo mara moja, kwani katika mchezo wake naye huanza na kibanda.

Na panya! Wachimbaji wamekuta Unguja Ukuu mifupa ya panya weusi, ambao asili yao ni Asia na walifika kwa vyombo. Mtoto alifurahi na panya kuliko dinari. Aliwatia ndani ya mji wake wengi kupita kiasi, nami sikumkataza.

Chombo cha bandarini kilimsumbua siku mbili. Alichora meli yenye misumari. Nikamweleza habari ya mtepe, chombo cha kwetu kilichoshonwa mbao kwa kamba za makumbi, hakina msumari hata mmoja. Kitabu cha bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 tayari kinazitaja mashua za kushonwa katika pwani hii. Wengi wenu mtakumbuka mtepe uliosimama kwenye ua wa ndani wa Beit al-Ajaib, ulioshonwa kwa mfano wa ile ya zamani. Nilitaka kumpeleka mtoto akauone. Kisha nikakumbuka.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja mchana wa tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili waliokuwa kazini humo wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Mjukuu wangu wakati ule alikuwa bado mdogo sana, na mtepe ule hakuwahi kuuona. Nilimweleza kwa mikono yangu, urefu kiasi gani, tanga la mkeka, shingo iliyopanda mbele. Nilisahau mengi. Sisi tuliokuwa tukipita mbele ya jengo lile kila siku kwenda Forodhani, wangapi tunaweza kusema lilikuwa na nguzo ngapi? Tulidhani litasimama daima, na litatukumbukia sisi.

Ndiyo maana nikamfundisha kupima. Tulianza na nyumba yetu wenyewe. Alikuwa amejenga katika mchezo ukumbi wa upana wa matofali kumi na mbili, yaani mita kumi na mbili, bila nguzo. Nikamwambia: haiwezekani. Akabisha, na akanionesha kuwa paa halikuanguka. Tukachukua utepe, tukapima vyumba vyote vya nyumba. Hakuna kimoja kilichozidi sana mita tatu kwa upana, ijapokuwa urefu vimekwenda mpaka sita na saba. Nikamnyanyua kichwa atazame darini. Boriti! Dari la nyumba zetu za mawe hubebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko ulionyoka na kuweza kubeba dari la mawe na chokaa hauvuki mita mbili na nusu au tatu. Basi si mwashi aliyeamua upana wa chumba cha Mswahili. Ameuamua mkoko. Ukitaka upana zaidi sharti utie nguzo katikati, kama misikitini. Beit al-Ajaib iliweza kuwa na kumbi pana kwa sababu Barghash aliagiza chuma kutoka ng'ambo.

Tangu siku hiyo hakuna jengo analolijenga bila kuuliza boriti zimetoka wapi. Akiingia nyumba ya mtu, kwanza hutazama juu. Mama yake amemkanya mara mbili.

Kutoka hapo tukaenda Kizimkazi Dimbani. Msikiti ule, kwa aliyeuona kwa nje, ni wa bati na ukuta mweupe, mdogo, hauna makuu. Ndani yake, kwenye kibla, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa juu ya jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwezi wa Mfungo Pili, Dhul-Qaada, mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yangali pale. Watu wameswali mbele yake kwa zaidi ya miaka 900.

Nilimwambia mtoto atazame makali ya herufi zile, majani na vikonyo vilivyochongwa baina yake. Jiwe la tumbawe likitolewa baharini lingali bichi huwa laini, unaweza kulichonga kama ubao. Likishakauka linakuwa gumu. Mchongaji wa Kizimkazi basi alikuwa akishindana na jua. Kuta nazo ni za mawe ya kuchimbwa nchi kavu, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanu la magogo, kisha ikalowekwa na kuachwa ipoe. Katika mchezo ukuta unasimama kwa kubonyeza kidole. Hapo mtoto alikaa kimya, akaupapasa ukuta wa nje kwa kiganja. Halafu akauliza tani ngapi za kuni zilichomwa. Nani anajua!

Walipohama watu Unguja Ukuu walikwenda wapi? Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, ameandika katika kamusi yake ya miji kwamba Lanjuya ni kisiwa kikubwa chenye kiti cha mfalme wa Zanji, nazo vyombo humiminika huko kutoka kila upande, na kwamba watu wake wamehamia kisiwa kingine kiitwacho Tumbatu, ambao wakaazi wake ni Waislamu. Magofu ya Makutani, Tumbatu, yapo hata leo, na msikiti ukitazama bahari. Huko bado hatujafika. Kusi lilikuwa kali.

Nilipata pia kumpeleka nyuma zaidi, kwa maneno tu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, watu waliishi tangu kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa chini na Unguja haijawa kisiwa. Mifupa ya wanyama wa bara imo mle, hata ya punda milia. Mtu angeweza kutoka Bagamoyo kwa miguu. Mtoto alitaka kuijenga hiyo nayo, Unguja bila bahari. Nikamwambia moja kwa moja, tusichanganye.

Sasa wewe mzazi unayesoma haya pengine utasema: huyu mzee ana mjukuu mmoja na wakati mwingi. Kweli. Basi nikueleze tulivyofanya, uchukue linalokufaa. Kompyuta iko ukumbini, siyo chumbani. Ni saa moja kwa siku, na adhana ikilia inazimwa, hata kama mji unawaka moto. Hajengi kitu mpaka aseme amekijuaje: ameambiwa na nani, amekiona wapi, au amekikisia tu. Vya kukisia tunavitia rangi nyekundu, na mji wake, msomaji, una nyekundu nyingi. Na kila jengo lazima kwanza tupate kitu cha kukigusa kwa mkono, hata kama ni boriti ya jikoni. Tulipokwenda Kaepwani aliona vigae vimetapakaa pwani, akajaza mfuko. Nikamfanya avirejeshe. Kigae kikitolewa pahala pake kinakuwa bubu. Hakiwezi tena kusema kilikuwa juu ya nani wala chini ya nani.

Kwa walio mbali na magofu, Kilwa Kisiwani imepimwa kwa mitambo ya mwanga na Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 2020 Google pamoja na CyArk walitoa picha zake za kuzunguka ndani, bure. Mtoto wa Tanga au wa Maskati anaweza kuuona msikiti ule ambao Ibn Battuta aliukuta mji wake ukiwa katika fahari mwaka 1331. Lakini si sawa na kuupapasa.

Juzi aliniita kunionesha. Mji upo: vibanda vya udongo vimefuata ukingo wa bahari, moshi wa tanu la chuma nyuma, mitepe miwili imepwelewa, shamba la mtama, na panya. Nikataka kumjaribu. Nikamuuliza: "Na mikarafuu yako umeipanda wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Babu, bado miaka elfu."

Kilichobaki ni kisima. Amekitia rangi nyekundu, kwa sababu hajui kilikuwa upande gani wa mji, nami sijui. Jumamosi tutapanda gari la Unguja Ukuu, tukawaulize wazee wa pale wanachota wapi maji ya kunywa bahari ikipwa.